Akwariumu mu nyumba ya mutu wa shaba: maji kwanza, samaki nyuma

Samaki ya rangi mu sanduku ya kioo, majani mabichi yakitingishika ndani ya maji: ni kitu ya kupumzisha roho ya mutu anayetoka ku kazi. Batoto nao wanapenda kukaa mbele yake. Lakini mara mingi franga inatoka, samaki inaingia, na kisha siku ine ao tano yote inaelea juu, imekufa. Watu wanasema ni muuzaji alituchezea. Sisi tunasema: tuangalie kwanza maji, na kile tulichoingiza ndani ya maji.

Tuanzie ku meza, tusianzie ku soko. Sanduku ya urefu wa sentimetre 100, upana 40 na kimo 40 inashika litre 160. Maji ile peke yake ni kilo 160, mbali kioo na muchanga. Inaomba meza ya nguvu, mbali na dirisha la jua.

Sasa neno kubwa kwa sisi watu wa shaba. Mu nyumba zetu nyingi kunakuwa kipande cha malakiti, kizuri, kijani, na mutoto atasema: baba, tuitie ndani, samaki ifurahi. Hapana! Malakiti ni shaba. Ndani ya maji laini inayeyuka kidogo kidogo, macho haioni, na shaba ile inachoma matamvua ya samaki, pale inapovutia pumzi. Konokono za maji njo zinakufa mbele, kisha samaki. Kwa hiyo jiwe lolote la karieri libaki inje. Muchanga wa muto unaopita chini ya mugodi, vilevile. Waya ya shaba, vilevile. Hata ndoo ya mabati haifai, juu mabati imepakwa zinki, nayo ni sumu kwa samaki. Nunueni ndoo ya plastiki, iwe ya samaki tu, sabuni isiingie hata siku moja. Na mutu aliyetoka ku kazi anawe mikono, asuuze muzuri, mbele ya kuitia mu maji.

Samaki gani? Hatuna haja ya kutafuta mbali. Mu muto Congo kuko ile wazungu wanaita tetra ya Congo, Phenacogrammus interruptus. Dume inafika sentimetre 8, ina rangi ya buluu na ya zahabu, na mapezi marefu kama kitambaa. Haipendi kukaa peke yake: kama hazifike sita, zinaishi na woga. Rafiki yake muzuri ni Synodontis nigriventris, samaki ya ndevu inayoogelea mugongo chini, tumbo juu. Tumbo yake ni nyeusi kupita mugongo. Hii inatembea usiku, muiwekee muti ama pango ya kujificha. Mu litre 160, tetra nane na Synodontis ine inatosha. Musiongeze.

Wandugu wa Kalemie na Moba watauliza: na samaki zetu za Tanganyika? Ni nzuri sana, lakini ziwe na sanduku yao. Maji ya ziwa lile ni ngumu, yenye chumvi za mawe, pH yake inakaribia 9. Tetra inataka maji laini, pH 6 ama 7. Ukizichanganya, moja kati yao itateseka kila siku. Na mujihazari na Distichodus sexfasciatus: ikiwa ndogo inavutia na mistari yake, lakini inakula majani na inakua kupita nusu metre.

Majani nayo tunayo ya kwetu Afrika. Anubias ina majani magumu, tetra haiyatafuni. Bolbitis heudelotii ina majani ya kukatikakatika. Zote mbili zinakubali mwangaza kidogo. Shina lao la kulala lisizikwe ndani ya muchanga, litaoza. Mulifunge na uzi juu ya kipande cha muti ama jiwe safi.

Kisha? Mungoje. Hapa njo watu wanashindwa. Mavi ya samaki na chakula kinachobaki vinatoa amoniaki, ni sumu. Kuna vidudu vidogo sana, macho haivione, vinavyogeuza amoniaki kuwa nitriti, bado sumu, kisha nitriti kuwa nitrati, ambayo haina ukali ule. Vidudu hivi vinakaa mu filtre na juu ya muchanga, na vinaomba wiki ine mpaka sita vijenge mukini yao. Wakati ule tieni majani na punje ndogo ya chakula kila siku, bila samaki. Haraka haraka haina baraka. Kisha tieni Synodontis. Wiki mbili nyuma, tetra.

Kila wiki toeni robo ya maji, mutie mupya. Maji ya robine yenye harufu ya javel ikae mu ndoo wazi siku nzima mbele ya kuingia. Eponji ya filtre isioshwe ku robine: javel itaua vidudu. Muioshe mu maji ile mulitoa.

Huku Katanga juu, mwezi wa sita na wa saba usiku ni baridi, na samaki hizi zinataka digri 24 mpaka 26. Inaomba rezistansi ndogo ya umeme. Umeme ukikatika, mufunike sanduku na blangeti pande zote, muache nafasi juu ya hewa. Pompi ikisimama, mara kwa mara muchote maji na kopo muyamimine toka juu, hewa iingie. Wakati ule musitie chakula. Samaki nzima inaweza kukaa siku mbili tatu bila kula, lakini haiwezi kukaa bila pumzi.

Siku zingine chakula ni mara moja, kile zinamaliza mu dakika mbili. Kazi hii mumuachie mutoto mumoja tu, si nyumba nzima. Na ile malakiti nzuri? Muiweke juu ya kabati, wageni waione pale.