Dawa za kutakasia vyombo vya pombe Gitega na Muyinga: angalia nguvu, si ujazo

Chupa ya maji ya Javel iliyotengenezwa kwa desturi ya Kifaransa huandikwa nguvu yake kwa digrii: 9, 12 au 48. Dawa hiyo hiyo ikivuka Kobero kutoka Tanzania huandikwa kwa asilimia, na wateja huiita jiki, iwe ni ya kampuni hiyo au siyo. Mpika urwarwa wa Gitega akibadilisha chupa bila kubadilisha kipimo anaweza kutia dawa mara nne ya inayotakiwa, au robo yake. Akizidisha, pombe inanuka hospitali. Akipunguza, baada ya siku chache ana siki. Hasara ni ya dumu zima, na lawama inamrudia aliyemuuzia dawa.

Makala haya ni kwa ajili ya huyo muuzaji, pamoja na msafirishaji anayempelekea mzigo.

Soko lenyewe halihitaji maelezo marefu. Brarudi ina viwanda vya bia Bujumbura na Gitega, lakini mashambani pombe ya kila siku ni urwarwa wa ndizi na impeke ya mtama. Katika miaka ya karibuni vinywaji vya Brarudi vimekuwa vikiadimika mara kwa mara, na vinapoadimika mnywaji hurudi kwa mpika pombe wa mtaani. Naye siku hizi hachachushi tu kwenye mtungi au kwenye umuvure, ule mtumbwi wa mbao wa kukamulia ndizi. Anatumia madumu ya plastiki ya lita 20, mapipa, mipira ya kunyonyea, na chupa za Primus zilizotumika. Pombe ikishaingia kwenye dumu ili isafiri kutoka Karuzi hadi soko la Muyinga, usafi wa dumu ndio unaoamua kama itafika ikiwa pombe.

Kuosha ni kazi moja, kutakasa ni nyingine

Wateja wengi wanaomba dawa moja ya kufanya yote mawili. Haipo, na muuzaji mwaminifu amwambie mteja hivyo. Kuosha ni kuondoa utando wa sukari, unga wa mtama na masimbi ya hamira. Kutakasa ni kuua vijidudu vilivyobaki baada ya hapo, hasa bakteria wa siki na wale wa maziwa yaliyoganda. Klorini ikikutana na uchafu huishia kwenye uchafu huo, isibaki na nguvu ya kuua kitu. Kwa hiyo dumu lenye utando mweusi likimiminiwa Javel litanukia usafi tu.

Kwa kuosha, sabuni isiyo na manukato na brashi ya mkono mrefu vinatosha dumu la kawaida. Utando uliokauka unahitaji soda kali, ambayo viwanda vya bia pia hutumia, ila huyo ni adui wa macho na ngozi na hauzwi bila glavu. Majivu ya kuni waliyosugulia bibi zetu mitungi yalikuwa yanafanya kazi ya namna hiyo hiyo kwa upole, kwa sababu maji ya majivu nayo ni ya magadi.

Kuna vyombo ambavyo dawa haiviponyi. Dumu lililochanika ndani kwa kusuguliwa na mchanga huficha vijidudu kwenye mikwaruzo, na bei ya dumu jipya ni ndogo kuliko ya pombe iliyoharibika mara mbili. Dumu lililobeba dawa ya shambani halirudi kwenye chakula kamwe. Na hapa Burundi kuna jambo la pekee: tangu uhaba wa mafuta ulipoanza kuwa wa kudumu, madumu mengi yamebeba petroli na mazuti. Plastiki hunyonya mafuta, kisha huyatoa polepole ndani ya pombe, na hakuna klorini wala maji moto ya kuyaondoa. Anayeuza madumu yaliyotumika ayanuse kabla ya kuyanunua.

Umuvure nao usitiwe klorini. Mbao hunywa dawa na kuihifadhi. Usuguliwe, umwagiwe maji yanayochemka, ukaushwe juani.

Hesabu ya klorini

Dawa inayofaa wapika pombe wengi wa mikoa hii ni klorini, kwa sababu inapatikana na ni rahisi. Kiwango cha kushika ni miligramu 200 za klorini kwa kila lita ya maji, chombo kilowe kwa dakika 10. Kanuni za Marekani huruhusu kiwango hicho kama kikomo kwenye vyombo vya chakula bila kusuuza. Kwa pombe, hata hivyo, mwandishi huyu anashauri kusuuza, kwa sababu ya ladha: klorini ikikutana na viambata vya ndizi na nafaka huzaa harufu kama ya plasta ya kidonda, na mnywaji huihisi hata ikiwa kidogo mno.

Miligramu 200 kwa lita maana yake ni gramu 4 za klorini kwa dumu la lita 20. Kazi iliyobaki ni kujua gramu hizo zimo katika ujazo gani wa dawa uliyonayo. Javel ya digrii, zidisha digrii kwa 3.17 upate gramu za klorini katika lita moja. Digrii 12 ni gramu 38 hivi kwa lita, kwa hiyo dumu linataka mililita 105. Digrii 48 ni gramu 152, na dumu linataka mililita 26 tu. Dawa ya asilimia 3.5 iko karibu sana na ile ya digrii 12: mililita 110 zinatosha.

Sasa ona kinachotokea mteja akichanganya. Aliyezoea kizibo cha mililita 26 cha digrii 48, akipewa chupa ya asilimia 3.5 na kutumia kizibo kile kile, anapata miligramu 50 kwa lita au chini yake. Kinyume chake, mililita 110 za digrii 48 zinafikisha zaidi ya miligramu 800. Muuzaji anayebandika karatasi ya Kirundi au Kiswahili kwenye chupa, yenye kipimo cha dumu la lita 20, ataokoa wateja wake kuliko anayepunguza bei.

Hesabu hiyo hiyo ndiyo inayoonyesha bei halisi. Lita moja ya asilimia 3.5 hutoa kama lita 180 za maji ya kutakasia. Lita moja ya digrii 48 hutoa 760. Kilo moja ya unga wa klorini wa asilimia 65, ule unaotiwa kwenye visima na mabwawa ya kuogelea, hutoa 3,250. Gawanya bei ya dukani kwa idadi hiyo ndipo ulinganishe. Mara nyingi lita iliyoonekana rahisi ndiyo ghali, kwa sababu umelipia nauli ya maji kutoka Dar es Salaam.

Dawa inayochoka njiani

Klorini ya maji haingojei. Joto likipanda nyuzi 10, kasi ya kuharibika kwake huongezeka mara tatu au zaidi. Jua nalo huiharibu, na ile yenye nguvu kubwa huharibika upesi kuliko nyepesi. Mzigo uliokaa bandarini, ukapanda zaidi ya kilomita elfu moja chini ya turubai, ukangoja foleni, kisha ukapangwa mbele ya duka Muyinga ukiota jua, hauna tena nguvu iliyoandikwa kwenye lebo. Hakuna aliyeiba. Lakini aliyenunua digrii 48 kwa wingi ili apate faida ya hesabu ya hapo juu anaweza kuuza kitu cha digrii 30 bila kujua.

Kinga yake haina gharama kubwa: nunua mzigo wenye tarehe ya kutengenezwa na uwe wa karibuni, uuzwe ule wa zamani kwanza, uwekwe kivulini kwenye vyombo visivyopitisha mwanga. Vikaratasi vya kupimia klorini vinapatikana kwa wauzaji wa vifaa vya maji. Changanya dawa kwa kipimo cha lebo, chovya, soma. Karatasi ikionyesha nusu ya ulichotarajia, ama umrudishie aliyekuuzia, ama uandike kipimo kipya.

Unga wa klorini unavumilia safari vizuri zaidi ukiwa mkavu na umefungwa, na kwa mfanyabiashara wa Gitega ndio wenye mantiki kiuchumi. Kipimo ni gramu 6 kwa lita 20, kwa mizani ndogo, si kwa kukadiria. Ufungashwe kwa vipimo vidogo na mtu aliyejikinga macho na pua, kwenye plastiki kavu yenye kifuniko, si kwenye karatasi. Unga utiwe kwenye maji. Maji yasitiwe kwenye unga.

Dawa nyingine, na nani azinunue

Wapo wapika pombe wachache wanaotia mvinyo wa ndizi kwenye chupa ili ukae miezi. Hao wana tatizo ambalo klorini hailimalizi: maji ya kusuuzia. Ukitakasa chupa kisha ukaisuuza kwa maji ya kisima, umerudisha vijidudu ulivyoviua. Wachemshe maji ya kusuuzia, au watumie dawa isiyohitaji kusuuzwa.

Iodofo, yaani iodini iliyofungwa kwenye sabuni, hutumika kwa miligramu 12.5 kwa lita, dakika mbili, kisha chombo huachwa kichuruzike. Lita moja yenye asilimia 1.75 hutoa lita 1,400. Hutia rangi plastiki lakini haidhuru. Isichanganywe na iodini ya vidonda wala ile ya kuchovya chuchu za ng'ombe, ambazo zina viambato vingine. Asidi ya fosforasi iliyochanganywa na sabuni yake, inayopendwa na wapika bia wa nyumbani Ulaya na Marekani, hutumika kama mililita 1.6 kwa lita, nayo haisuuzwi. Tatizo lake ni kuagizwa kwa fedha za kigeni. Asidi ya perasetiki ni ya viwanda. Inafanya kazi vizuri na huvunjika ikawa siki, maji na oksijeni, lakini ikiwa haijazimuliwa huunguza na mvuke wake hukaba pumzi. Siishauri kwa duka la reja reja.

Metabisulfiti inauzwa wakati mwingine kama dawa ya kutakasa. Inazuia vijidudu visikue zaidi kuliko inavyoviua, na mvuke wake ni hatari kwa mwenye pumu.

Na moto? Gitega iko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, maji yanachemka karibu nyuzi 95, na joto hilo linatosha kabisa kwa chupa, sufuria na vitambaa vya kuchujia. Chupa ipashwe kwanza isije ikapasuka. Dumu la plastiki hulegea, na kuni nazo zina bei yake.

Kuna wapika pombe wanaolalamika kwamba baada ya kutakasa kila kitu urwarwa unachelewa kuchachuka. Ni kweli inaweza kutokea, kwa kuwa sehemu ya hamira ilikuwa inatoka kwenye chombo chenyewe. Wabakize kidogo cha pombe nzuri iliyotangulia, au watumie hamira ya dukani. Wasiache kutakasa.

Ndani ya lori na mpakani

Msafirishaji ana sababu zake za kujua anabeba nini. Unga wa klorini umo kwenye orodha ya kimataifa kwa namba 1748, kundi la vitu vinavyochochea moto. Ukikutana na mafuta, mbolea au majani makavu unaweza kuwaka bila kiberiti. Lori lililovuja dizeli sakafuni halifai kuubeba, wala usiwekwe chini ya madumu ya mafuta ya kula. Javel yenye nguvu ni namba 1791, kundi la vinavyounguza. Hutoa gesi, hivyo vifuniko vyake vina tundu la kupumulia: madumu yasimame wima, yasilazwe ili kupata nafasi. Na Javel haipangwi pamoja na asidi ya aina yoyote, ile ya betri ikiwemo. Zikimwagika na kuchanganyika hutoa gesi ya klorini, na dereva aliyelala kwenye kabati hataamka. Mnunuzi naye aambiwe hivyo hivyo kuhusu dawa ya chooni.

Kwa karatasi, Kobero na Kabanga ni kituo kimoja cha pamoja, ambapo maofisa wa OBR na TRA hufanya kazi mahali pamoja. Dawa iliyotengenezwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki huingia bila ushuru wa forodha ikiwa na cheti cha uasili. Mzigo usiozidi dola 2,000 unaweza kutumia cheti rahisi kinachotolewa hapo hapo mpakani, iwapo bidhaa imo kwenye orodha iliyokubaliwa. Muulize ofisa kabla ya kupakia, si baada ya kufika. Cheti hicho hakiondoi VAT ya Burundi, ambayo ni asilimia 18. Dawa iliyotoka nje ya Jumuiya na kufungashwa upya tu Dar es Salaam haigeuki kuwa ya Tanzania kwa kubandikwa lebo. Alama ya TBS husaidia upande wa ubora, na BBN ya Burundi bado ina haki ya kuchukua sampuli, hivyo weka chupa moja iliyofungwa tofauti na mzigo ili usifunguliwe lote.

Wenye mizigo ya Muyinga wakumbuke pia kwamba tangu mikoa ilipopunguzwa hadi 5 mwaka 2025, Muyinga iko ndani ya mkoa wa Buhumuza. Fomu za zamani zilizochapishwa "Mkoa wa Muyinga" ni bora zikaguliwe na wakala kabla gari halijaondoka.