Barabara ya Changarawe Chini ya Milima ya Upare

Mahali milima inapokoma na uwanda unapoanza, mara nyingi huwapo barabara. Sababu yake si ngumu kuijua. Juu milimani njia zina miteremko mikali, nazo hupindapinda sana. Chini kabisa, karibu na mto, ardhi hugeuka tope wakati wa mvua, na gurudumu huzama. Lakini miguuni pa mlima ardhi huinama kidogo tu, na maji hayatuami. Kwa hiyo watu wa kale walipita hapo kwa miguu, kisha ikaja baisikeli, na baadaye motokaa.

Mfano mzuri ni barabara itokayo Same kwenda Mkomazi kwa njia ya Kisiwani, kaskazini-mashariki ya Tanzania. Urefu wake ni kama kilometa 100. Barabara kuu ya lami hupita upande wa magharibi wa milima ya Upare Kusini, pamoja na reli ya Tanga iliyofika Moshi mwaka 1911. Hii nyingine hupita upande wa mashariki. Kwa miaka mingi ilikuwa ya changarawe tupu, na siku hizi imeanza kutiwa lami sehemu baada ya sehemu. Mwenye baisikeli atokaye Same huizunguka ncha ya kaskazini ya milima, na tangu hapo milima huwa mkono wake wa kuume, na Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi huwa mkono wake wa kushoto. Hupita Kisiwani, Gonja Maore, Ndungu na Kihurio, akifuata bonde la Mto Mkomazi, mpaka barabara zote mbili zikutane. Mto huo huingia katika Mto Pangani, nao Pangani huingia katika Bahari ya Hindi.

Je, changarawe ya miguuni pa mlima hutoka wapi? Aliyeileta ni maji. Mvua inaponyesha mlimani, vijito hushuka kwa nguvu, navyo hubeba mawe, mchanga na udongo. Mteremko unapopungua, nguvu za maji hupungua pia. Hapo maji hutua mizigo yao, wala hayaitui yote pamoja. Hutua kwanza mawe makubwa, kisha kokoto na changarawe, kisha mchanga, na mwisho kabisa, mbali bondeni, hutua udongo laini. Basi mpanda baisikeli aweza kujua alipo kwa kutazama ardhi tu. Akiona mawe ya mviringo ukubwa wa kichwa cha mtoto, ajue kwamba yu karibu na mlango wa kijito. Akiona udongo mweusi ulio laini, ajue kwamba yu karibu na mto mkubwa. Na udongo huo wa bondeni ndio ulio mwema kwa kilimo. Huko Ndungu maji ya Mto Yongoma, ushukao kutoka milimani, huongozwa kwa mifereji mpaka kwenye mashamba ya mpunga.

Kuendesha baisikeli juu ya changarawe si sawa na kuendesha juu ya lami. Changarawe haishikamani, kila kijiwe chaweza kuteleza juu ya mwenzake. Kwa hiyo tairi pana lafaa kuliko tairi jembamba, tena lisijazwe upepo mno. Tairi gumu hurukaruka juu ya mawe, bali tairi lenye upepo wa kiasi huyakumbatia mawe na kushika ardhi. Lakini upepo ukipungua kupita kiasi, jiwe huubana mpira wa ndani juu ya chuma cha gurudumu na kuutoboa. Katika mteremko, mpandaji hutumia breki ya nyuma zaidi, naye huishika mapema na polepole. Akiikamata breki ya mbele kwa ghafula penye kona, gurudumu la mbele huteleza, naye huanguka kabla ya kujua lililompata.

Jambo jingine limchokeshalo msafiri ni vile vijituta vidogo vilivyokaa kukingama barabara, vikifuatana kama mawimbi ya bahari. Watu wengine humlaumu mtengeneza barabara kwa ajili yake, lakini kosa si lake. Gari likienda mbio juu ya changarawe, gurudumu hugonga uvimbe mdogo, huruka, kisha huanguka na kusukuma vijiwe mbele. Gari linalofuata huruka papo hapo, na uvimbe huongezeka. Hivyo mawimbi huzaliwa na magari yenyewe. Mwenye baisikeli mwenye akili hutafuta ukingo wa barabara, ambako magurudumu ya magari hupita kwa nadra.

Kuendesha baisikeli katika barabara za namna hii kumekuwa mchezo mkubwa katika karne hii. Mashindano makubwa ya Kansas, Marekani, yalianza mwaka 2006. Yale ya Migration Gravel Race katika nchi ya Wamasai, Kenya, yalianza mwaka 2021. Na mwaka 2022 mashindano ya kwanza ya ubingwa wa dunia yalifanyika Italia. Lakini katika bonde la Mkomazi baisikeli si ya mchezo tu. Humchukua mtu shambani na sokoni, nayo hubeba mpunga, ndizi, kuni na madumu ya maji. Mtu wa mashindano akishindwa na njia, gari humfuata likamchukua. Mkulima hana gari la kumfuata. Kwa sababu hiyo yampasa kuijua njia yake vizuri, na hasa kuyajua makorongo.

Korongo ni njia ya maji iliyo kavu siku nyingi za mwaka. Mchanga wake ni mweupe, mbuzi hulala humo, na watoto hucheza. Mgeni akiliona hudhani ya kuwa halina madhara. Penye makorongo mengine hakuna daraja, ila sakafu ya zege iliyotandazwa chini, na mto ukija maji hupita juu ya sakafu hiyo. Hatari yake imo katika jambo moja: mvua ilijazayo korongo hainyeshi pale lilipo. Pepo zitokazo Bahari ya Hindi hupanda juu ya milima. Huko juu hewa hupoa, na mvuke hugeuka kuwa mvua. Kilele cha Shengena, kilicho juu kuliko vyote katika Upare, kina kimo cha meta 2,462, nacho kimezungukwa na msitu wenye unyevu. Kwa hiyo yawezekana mvua kubwa ikanyesha mlimani saa ile ile ambayo mtu wa barabarani anapigwa na jua na kutimua vumbi. Maji hushuka kwa haraka, nayo hufika mahali ambapo hapakunyesha hata tone.

Dalili zake ziko. Mlima umefunikwa na wingu jeusi. Kijito kilichokuwa cheupe kimegeuka rangi ya udongo. Povu, majani na vijiti vinapita juu ya maji. Husikika mvumo kama wa upepo mkubwa, wala miti haitikisiki. Aonaye mojawapo ya dalili hizo asivuke, bali apande mahali pa juu na kungoja. Meta moja ya maji kwa urefu, upana na kimo ina uzito wa kilo 1,000. Maji yaendayo kasi, hata yakifika magotini tu, yatosha kumwangusha mtu mzima, na baisikeli aliyoishika huyapa maji mahali pa kusukuma. Tena maji ya mchanga huficha mashimo. Mto wa korongo hujaa upesi na mara nyingi hupungua upesi. Anayengoja hupoteza saa chache. Asiyengoja huenda akapoteza uhai wake.

Mlima wenyewe nao huweza kushuka. Mwezi wa Novemba 2009 mvua nyingi zilinyesha juu ya Upare Kusini, na udongo wa mteremko ukaporomoka katika Mamba Miamba, ukazifunika nyumba na kuua watu zaidi ya 20. Mizizi ya miti hushika udongo, na majani yaliyooza chini ya msitu hunywa maji kama sifongo na kuyaachilia kidogo kidogo. Mteremko ukivuliwa miti, maji hushuka yote mara moja. Kwa hiyo mtu akataye msitu juu huwatia hatarini wapitao barabarani chini, ijapokuwa hawajui hata kwa jina.

Msafiri mwema basi huchagua majira yake. Miezi ya kiangazi, baada ya masika kwisha, ndiyo ifaayo. Huchukua maji ya kunywa ya kutosha, pampu, viraka na gundi. Haendeshi usiku wala alfajiri karibu na hifadhi, maana ndovu hutoka na kuvuka barabara. Akifika penye mfereji wa wakulima uliokatiza njia, hushuka na kuinua baisikeli yake, asije akaubomoa ukingo wake. Na kila afikapo penye korongo, huuliza wenyeji kwanza, kisha huinua macho yake mlimani.

MASWALI

1. Kwa nini barabara nyingi hupita miguuni pa mlima?
2. Maji hutua nini kwanza, na nini mwisho? Eleza sababu.
3. Korongo laweza kujaa maji siku ya jua. Jinsi gani?
4. Taja dalili nne za mto unaokuja.
5. Kuna korongo gani karibu na shule yenu, na maji yake hutoka mlima gani?