Kujisomea sayansi nje ya shule (Tanzania)

Kujisomea sayansi nje ya shule ni njia ya vijana wa Tanzania wanaofanya mitihani ya sekondari kama watahiniwa wa kujitegemea. Mitihani hiyo huendeshwa na Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA), lililoundwa mwaka 1973.

Kwa anayejisomea Mbinga au Mbamba Bay, mkoani Ruvuma, jambo la kwanza ni kupata muhtasari wa somo unaotolewa na Taasisi ya Elimu Tanzania. Kitabu huchaguliwa baadaye, kwa kulinganishwa nao, kwa sababu kitabu kizuri cha nchi nyingine kinaweza kuacha mada zinazotahiniwa.

Fizikia, kemia na biolojia huhitaji pia maabara: mkono hauzoei hadubini kwa kusoma tu.