Maktaba za vyuo vikuu: Tovuti ndiyo inayopimwa, si mwanafunzi

Mwanafunzi anayeandaa tasnifu huandika jina la makala aliyoelekezwa na mhadhiri wake katika kisanduku cha kutafutia cha tovuti ya maktaba. Jibu humjia kwamba hakuna kilichopatikana. Hufunga ukurasa akiamini kuwa maktaba haina makala hiyo, ilhali chuo kimelipia jarida ambamo imechapishwa. Alichokosea ni kutafuta katika orodha ya vitabu, ambayo kwa kawaida huwa na majina ya majarida, si ya kila makala iliyomo ndani yake. Tovuti haikumwambia hivyo.

Matatizo ya aina hiyo ndiyo yaliyozisukuma maktaba za vyuo vikuu vya Marekani, tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, kuzijaribu tovuti zao kwa kuwatazama watumiaji. Chuo Kikuu cha Arizona na Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts, MIT, vilikuwa miongoni mwa vilivyotangulia.

Jaribio lenyewe halihitaji maabara. Mwanafunzi huketi mbele ya kompyuta, hupewa kazi inayofanana na masomo yake, tuseme kutafuta makala tatu kuhusu malaria, na huombwa aseme kwa sauti kila analowaza. Mkutubi huketi kando, akiandika mahali anapobonyeza, anaposita na anapokata tamaa. Haruhusiwi kumwonyesha njia, jambo lililo gumu kwa mtu ambaye kazi yake ya kila siku ni kuwasaidia wasomaji. Kabla ya kuanza, mwanafunzi huelezwa kwamba kinachopimwa ni tovuti, wala si akili yake. Maelezo hayo ni ya lazima, kwa kuwa watu wengi wakishindwa na kompyuta hujilaumu wenyewe na kunyamaza, na kasoro hubaki palepale.

Idadi ya wanaohitajika huwashangaza wengi. Mwaka 2000, mtaalamu Jakob Nielsen alieleza kwamba watu watano hutosha kufichua takribani asilimia 85 ya kasoro. Kwa mwenye uwezo wa kuwajaribu watu 15, ushauri wake ulikuwa kuwagawa katika majaribio matatu, na kurekebisha tovuti kila baada ya jaribio. Hata hivyo, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza na profesa hawatumii maktaba kwa namna moja, hivyo kila kundi lapaswa kuwa na wawakilishi wake.

Kasoro inayojirudia zaidi ni ya lugha. John Kupersmith, aliyekuwa mkutubi wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alikusanya matokeo ya majaribio ya maktaba nyingi. Yalionyesha kwamba kutafuta makala za majarida kuliwashinda karibu nusu ya washiriki. Maneno ya kitaalamu kama kanzidata na rejea, pamoja na vifupisho na majina ya kibiashara ya huduma, yaliwapoteza. Maneno ya kawaida, kama vile "tafuta makala" au "azima kutoka maktaba nyingine", yalieleweka vyema zaidi.

Suala hili lina uzito pia katika ukanda huu. Kupitia mpango wa Research4Life, ulioanza mwaka 2002 kwa majarida ya afya, taasisi za nchi zilizomo katika orodha ya Umoja wa Mataifa ya nchi zenye maendeleo duni, zikiwemo Burundi, Rwanda, Uganda, Tanzania na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, zaweza kusoma maelfu ya majarida bila malipo. Lakini jarida la bure lililofichwa nyuma ya kifupisho kisichoeleweka halimfikii msomaji. Na jaribio likifanyika katika ofisi yenye kompyuta kubwa na intaneti ya kasi pekee, halitaonyesha yanayomkuta mwanafunzi anayefungua ukurasa huohuo usiku, kwenye simu, kwa kifurushi kinachokaribia kwisha.