Vigae vya Sakafu: Hesabu Kabla ya Kununua

Maneno yetu ya leo yamhusu mtu aliyekwisha kusimamisha kuta na kuezeka, na sasa ataka kutandika sakafu ya vigae. Mtu huyu amekwisha kutumia karibu fedha zake zote, na kidogo kilichobaki amekiweka kwa kazi hii. Akinunua vigae vichache, kazi itasimama katikati ya chumba. Akinunua vingi mno, fedha za dirisha zitalala ndani ya maboksi pembeni mwa nyumba. Fundi naye akiulizwa, mara nyingi hukitupia chumba jicho na kusema, "Maboksi kumi na tano yatatosha." Huenda akapata, huenda akakosa, sisi hatupendi kuweka fedha za mwenye nyumba juu ya "huenda".

Wala tusidhani ya kuwa upungufu hutengenezwa kwa kurudi dukani tu. Kigae ni udongo uliochomwa tanurini kwa moto mkali, na mkupuo mmoja haufanani kabisa na mwingine: rangi yaweza kufifia au kukoza, na ukubwa nao waweza kuzidi au kupungua kidogo. Ndiyo maana viwanda huandika juu ya boksi namba ya rangi na namba ya kipimo. Mtu akirudi baada ya mwezi, akauziwa vigae vya jina lile lile lakini vya namba nyingine, ataona mstari sakafuni kila jua liingiapo dirishani, na hapana dawa yake ila kung'oa.

Basi na tupime. Chumba hupimwa ncha zote mbili na katikati pia, kisha hutwaliwa kipimo kilicho kirefu. Nyumba za kale za mawe, za Lamu na za Unguja, zatuonyesha sababu. Vyumba vyake ni virefu na vyembamba, kwa kuwa dari ilichukuliwa na boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio uliokata upana wa chumba. Kuta zake ni nene, za mawe ya matumbawe na chokaa, nazo hazikunyoka kama ukurasa wa daftari. Ncha moja ikiwa meta 2.65 na ya pili meta 2.75, kwa vigae vya sentimeta 30 ile ya kwanza yataka vigae 9, na ya pili yataka 10. Aliyepima ncha fupi peke yake amepungukiwa na safu, naye hajui. Tena katika nyumba kama hizo pale chini ya mlango, katika unene wa ukuta, ni mahali pa kutandikwa pia, pimeni, mjumlishe.

Sasa twatwaa chumba cha siku hizi, meta 4.3 kwa meta 3.5. Tulivyofundishwa shuleni, tutazidisha: eneo ni meta 15.05 za mraba. Kigae cha sentimeta 30 kila upande kina eneo la meta 0.09 za mraba. Tukigawanya twapata 167 na kitu, yaani vigae 168. Hesabu hii ni sahihi kabisa, walakini sakafu haitatimia kwayo, kwa kuwa yadhani kila kipande kilichokatwa chaweza kutumika mahali pengine.

Tutazame kazi yenyewe. Fundi mwema hapendi kuanza na kigae kizima ukutani na kumaliza na utepe mwembamba upande wa pili. Huanza katikati, ili vipande vya kando vilingane. Katika meta 4.3 ataweka vigae vizima 13, na kati yake nafasi za milimeta 3 za kujazwa saruji nyembamba. Yabaki karibu sentimeta 18 kila upande. Vipande viwili vya sentimeta 18 havitoki katika kigae kimoja cha 30. Basi kila kimoja chala kigae chake, na safu yote yataka vigae 15. Kwa upande wa meta 3.5 vitakaa vizima 10, na kando karibu sentimeta 23 kila upande, yaani safu 12. Mara 15 ni 180. Tazameni, eneo lilituambia 168! Hivyo 12 vilivyozidi havikuibwa na fundi, kama wenye nyumba wengine wanavyodhani. Vimekwenda katika makombo.

Juu ya 180 huongezwa vya kuvunjika katika kukata na kuchukuliwa. Kwa chumba cha pembe nne, tano katika mia yatosha: ni 9, jumla 189. Boksi likiwa na vigae 11, maboksi 17 ni 187 tu, hununuliwa 18. Mwenye kutaka vigae vilale mshazari hukata pande zote nne kwa pembe, naye afadhali ahesabu eneo na kuongeza 15 katika mia. Chumba chenye kona ya kuingia ndani hugawanywa kuwa vyumba viwili vya hesabu, na nguzo nyembamba isipunguzwe.

Neno moja kwa waliozoea futi. Kigae ambacho wengi hukiita "cha futi moja" mara nyingi ni cha sentimeta 30 kamili, na futi ni sentimeta 30.48. Tofauti ni ndogo kama ukucha, lakini katika vigae 14 yafika karibu sentimeta 7. Someni boksi, msisikilize jina.

Na siku ya kununua, kabla ya gari kuondoka dukani, namba za maboksi yote 18 zilinganishwe moja moja. Vile vitakavyobaki visigawiwe jirani: vifungwe pamoja na kipande cha boksi chenye namba, viwekwe pakavu, kwa ajili ya siku bomba la maji litakapopasuka chini ya sakafu.