Noti za Zamani: Mali au Karatasi Tu?

Mjane mmoja alitujia jioni na bahasha ya noti za zamani alizoachiwa na marehemu mume wake. Mtu mmoja alitaka kuzinunua zote upesi upesi. Jirani akasema ni karatasi za kuwashia moto. Mama yule alikuwa akitafuta malipo ya shule ya wajukuu. Nani alisema kweli? Tuliketi naye mezani, tukazichungua moja moja.

Kwanza tufahamu hivi: noti iliyofutwa haina tena nguvu sokoni. Mwaka 1967 zaire moja ilichukua mahali pa faranga 1000. Mwaka 1993 zaire mpya moja ilikuwa sawa na zaire milioni 3 za zamani, na mwaka 1998 faranga ya Kongo ilirudi, moja kwa zaire mpya 100.000. Basi bei ya noti hizo hutoka kwa wakusanyaji peke yao.

Nao hutazama mambo matatu. La kwanza ni uhaba. Uzee si uhaba: noti nyingi za Mobutu zilichapwa kwa wingi mno, kwa hiyo bei yake ni ndogo. Lakini Katanga ilijitenga tangu 1960 hata 1963 tu, na noti zake zenye sura ya Moïse Tshombe hutafutwa sana.

La pili ni hali yake. Noti isiyokunjwa hata mara moja yaweza kupita mara nyingi bei ya mwenzake iliyochakaa. Kwa hiyo msiioshe, msiipige pasi, wala msiibandike gundi: mjuzi huona mara, na bei hushuka.

La tatu ni tarehe, sahihi na namba. Noti mbili zenye sura moja zaweza kutofautiana sana. Ziko orodha zinazofuata namba za Mjerumani Albert Pick. Lakini bei ya orodha si feza mkononi. Ulizeni noti za namna ile, zenye hali ile, ziliuzwa kwa kiasi gani.

Katika bahasha ile, noti nyingi hazikuwa na bei. Mbili za Katanga zilikuwa safi. Mama alimkatalia mnunuzi wa kwanza, akauliza wengine wawili, ndipo akaziuza. Malipo ya muhula mmoja yalipatikana. Kweli, haraka haraka haina baraka.