Asiyekuwapo na Lake Halipo

Kila yanapokaribia kufungua vikao vyao, wajumbe wa mabaraza ya kutunga sheria ya majimbo ya Marekani hualikwa mezani na chemba za biashara za miji yao. Hukutana asubuhi kwa staftahi, au adhuhuri kwa chakula. Wajumbe hueleza miswada wanayokusudia kuitanguliza. Wenye maduka, mabenki, mahoteli na viwanda nao hueleza haja zao: kodi ipunguzwe, barabara itengenezwe, sheria ya kazi ilegezwe. Mikutano hii haifanywi gizani, wala hatusemi kwamba ni haramu. Raia ye yote ana haki ya kusema na mjumbe aliyemchagua, na mfanyabiashara ni raia. Twauliza neno moja tu: mfanyakazi yuko wapi?

Yuko papo hapo, lakini amesimama. Ndiye aliyetandika meza, akapika mayai, akamimina kahawa. Ayasikia yanayosemwa juu ya mshahara wake, wala hakuna amwulizaye neno. Mwenzake wa kiwandani hawezi hata kuyasikia, maana saa ya mkutano ndiyo saa ya zamu yake.

Hatuna budi kufahamu kwa nini mazungumzo ya meza ile yana nguvu. Katika majimbo mengi ujumbe wa baraza si kazi ya kutwa kucha. Katika Texas kikao cha kawaida hufanywa mara moja kila miaka miwili, kwa siku zisizozidi 140, na mshahara wa mjumbe ni dola 7,200 kwa mwaka. Katika New Hampshire mjumbe hupata dola 100 tu kwa mwaka. Mtu wa namna hii ana shughuli nyingine ya kumpatia riziki, wasaidizi wake ni haba, na miswada iliyo mbele yake ni mingi mno. Akijiwa na mtu aliyekwisha kuandaa hesabu na hoja, humpokea kwa shukrani. Si lazima mjumbe ahongwe ndipo aelemee upande mmoja. Yatosha asikie sauti moja kila siku.

Ushahidi wa maneno haya twauona katika jimbo la Missouri. Tarehe 5 Novemba 2024 wananchi wa jimbo hilo walipiga kura juu ya pendekezo lililoitwa Proposition A, na takriban asilimia 58 wakalikubali. Lilikuwa na mambo mawili makubwa. Kwanza, kima cha chini cha mshahara kipande hata dola 13.75 kwa saa tangu 1 Januari 2025, na dola 15 tangu 1 Januari 2026. Baada ya hapo kiwe kikipanda pamoja na bei za vitu. Pili, tangu 1 Mei 2025 mfanyakazi ajipatie saa moja ya likizo ya ugonjwa yenye malipo kwa kila saa 30 alizofanya kazi, aitumie akiugua yeye au akiuguza mtu wa nyumbani mwake.

Tupime ukubwa wa haki hiyo. Mtu afanyaye kazi saa 40 kwa juma alihitaji majuma sita kamili kupata siku moja ya kuugua bila kukatwa mshahara. Haikuwa anasa. Ilikuwa kinga ya mama asilazimike kuchagua kati ya kodi ya nyumba na mtoto mwenye homa, na ya mpishi asilazimike kuvikoholea vyakula vya watu.

Vyama vya wenye biashara vilikwenda mahakamani kuipinga kura hiyo. Tarehe 29 Aprili 2025 Mahakama Kuu ya jimbo ikaithibitisha. Lakini palikuwa na mlango mwingine. Chemba ya Biashara na Viwanda ya Missouri ilikuwa imekwisha kutangaza waziwazi kwamba kuibadili sheria hiyo ni miongoni mwa mambo yake ya kwanza katika kikao cha mwaka ule, na wajumbe walio wengi wakalifanya jambo hilo kuwa lao. Katika Seneti wapinzani walisimama wakanena kwa saa nyingi ili mswada usipite. Tarehe 14 Mei 2025 wenye wingi wakatumia kanuni ya kuukata mjadala, wakaupitisha. Mwezi wa Julai Gavana Mike Kehoe akautia sahihi. Dola 15 ziliachwa, lakini upandaji wa mshahara kwa kufuata bei ulifutwa, na tarehe 28 Agosti 2025 likizo ya ugonjwa ikakoma. Mfanyakazi wa saa 40 aliyeanza kuhesabiwa tangu siku ya kwanza hakuwa ametimiza hata siku tatu.

Tuwe waadilifu. Wenye biashara walikuwa na hoja zao: gharama, daftari za kutunza hesabu za saa, na taabu ya mwenye duka dogo ambaye mtu mmoja akikosa hana wa kumweka mahali pake. Hoja hizo zilistahili kusikilizwa, na sheria yenyewe ilikuwa imezifikiria kidogo, maana wenye wafanyakazi wasiotimia 15 waliwekewa kikomo cha saa 40 kwa mwaka badala ya 56. Kama kasoro zilibaki, zingeweza kurekebishwa. Lakini mtu aonaye nyumba inavuja huziba paa, haibomoi nyumba.

Iliwezekanaje basi kura za watu wengi namna hiyo zitanguliwe? Kwanza, pendekezo lile lilikuwa sheria ya kawaida, halikuwa sehemu ya Katiba ya jimbo, na sheria ya kawaida baraza laweza kuifuta. Lakini iko sababu iliyo kubwa zaidi. Kura hupigwa siku moja, na meza hutandikwa mwaka mzima. Vyama vya wafanyakazi navyo vina wasemaji wao katika mabaraza, lakini mwaka 2024 wanachama wao hawakutimia kumi katika kila wafanyakazi mia wa Marekani. Walio nje ya vyama hawana chemba, hawana karani wa kuwasomea miswada, hawana ukumbi wa kumwalika mjumbe.

Funzo hili, ndugu wafanyakazi, si la Missouri peke yake. Anayedhani kazi yake imekwisha akitumbukiza karatasi sandukuni amelima shamba akaliacha bila mlinzi. Tawi la chama lisilomwita mjumbe wake kabla ya kikao, likamweleza mambo yake ya kwanza kwa hesabu zilizo sahihi, na baada ya kikao likamwita tena kumwuliza alipiga kura gani, halina haki ya kushangaa mjumbe akisema maneno ya wengine. Wenye biashara hawakukosea kuitandika meza yao. Na sisi tutandike yetu, hata kama juu yake pana chai ya rangi tu, na saa yake iwe saa ambayo mtu wa zamu aweza kufika.